Simu za Alhamisi za Sista Ngazi

Ijumaa hii, tarehe ishirini na nane, saa tisa alasiri, Sista Ngazi atakabidhi funguo baada ya miaka thelathini na minne ya uuguzi, ishirini na sita kati yake akiwa hapa kwetu, wodi ya moyo. Nimeombwa niandike wasifu wake kwa kuwa mimi ndiye niliyefanya naye kazi muda mrefu zaidi. Nauandika kwa vipande, katikati ya zamu, maana tangu barua yake ya kustaafu ibandikwe ubaoni sijatulia.

Alianzia wodi ya upasuaji, akapita chumba cha dharura, kisha akaletwa kwetu kuziba pengo kwa miezi mitatu. Miezi hiyo haijaisha hadi leo. Kukaa hajui. Kiti chake kwenye meza ya wauguzi bado kipya, na vya wenzake vimebadilishwa mara mbili. Chai anainywa akitembea, na mama wa usafi huapa kwamba akitaka kumpata hufuata matone sakafuni.

Jina lake la utani linatokana na ngazi ishirini na mbili za kwenda chumba cha dawa. Mgonjwa wake haendi nyumbani kabla hajazipanda, polepole, mkono kwenye reli, Sista akihesabu kando yake. Mkurugenzi wetu alipolazwa alidhani cheo kitamwokoa. Alizipanda zote, shuka begani.

Lakini kazi yake kubwa ilianza na kosa langu. Fundi cherehani mmoja alizibuliwa mishipa ya moyo hapa kwetu, vipimo vikawa safi, na fomu yake ya ruhusa niliijaza mimi. Kwenye maelekezo niliandika neno moja tu: apumzike. Alipokuja kliniki vipimo vilikuwa bado safi, tukaandika kwenye faili kwamba anaendelea vizuri.

Miezi minane baadaye Sista Ngazi alipeleka sare yake ikapunguzwe, akamkuta mke wa fundi peke yake kwenye cherehani. Fundi mwenyewe alikuwa kwenye kiti karibu na mlango, mto mgongoni. Tangu atoke hospitali hakuwa amekata hata kipande cha kitambaa. Mkewe alikuwa akimwogesha kila siku, kisha anakwenda kulala chumba cha binti yao, asije akamgusa vibaya. Watoto walikatazwa kucheka kwa sauti. Sista alipouliza kulikoni, fundi alijibu kwa upole kwamba aliambiwa apumzike, na hakuna aliyekuja kumwambia basi.

Sista alirudi kazini mbiombio, akaiweka ile fomu mbele yangu, akaenda zake wodini. Heri angenigombeza. Tulimrudisha mtu kwao akiwa hai, nami nikamfunga kitini. Hadi leo naona aibu.

Tangu wiki ile fomu zetu zina mstari wa ziada: apumzike mpaka lini, na baada ya hapo afanye nini. Na kila Alhamisi, saa nne asubuhi, simu ya wodi huwa yake. Huwapigia walioruhusiwa. Presha na vidonge huja baadaye. Kwanza huuliza jana ulifanya nini unachokipenda. Majibu huyaandika kwenye daftari lenye jalada la kijani. Bibi mmoja alijibu kwamba jana aligombana na jirani yake vizuri kabisa, na Sista akampa alama ya vyema. Mambo ya chumbani huwauliza wanandoa bila kupepesa macho, na wanaoinamisha vichwa ni sisi tulio karibu. Fundi naye alianza na vifungo, akaja kwenye pindo, na gauni atakalovaa Sista Ijumaa amelishona yeye.

Kinachoninyima raha ni hiki: simu hizo hazimo kwenye majukumu ya mtu yeyote. Alizianzisha mwenyewe, na zingeweza kuondoka naye, huku watu sabini na mmoja wakisubiri Alhamisi. Nilimwendea mkuu wa wodi mara tatu, akaniambia tutaangalia. Mara ya nne nilikwenda na daftari, nikamsomea kurasa mbili. Alilifunga daftari, akaniuliza kama mimi nitaweza kuzipiga. Nilimjibu kwamba sijui, akasema nijaribu.

Alhamisi iliyopita Sista Ngazi alinisukumia simu, akasimama mlangoni akichezesha funguo mfukoni. Wa kwanza alikuwa dereva wa lori ambaye tangu augue anaogopa usukani. Kwa woga nikaanza na presha. Akauliza yule dada yuko wapi. Nikamwambia yupo, anatusikiliza, kisha nikauliza swali lenyewe. Akasema jana aliwasha lori, akalizungusha uwanjani mara mbili. Niligeuka kumwambia Sista, mlangoni hapakuwa na mtu. Alishaondoka, na kutoka kule kwenye ngazi nilimsikia akihesabu.

Sista Ngazi, asante kwa wote uliowapandisha, nami nikiwemo. Barua ya utawala inakutakia mapumziko mema bila kusema mpaka lini. Kosa hilo tunalijua, tumelisahihisha kwa kalamu. Kwenye daftari la kijani nimefungua ukurasa mpya, na mstari wa kwanza una jina lako. Alhamisi saa nne simu yako italia, na swali unalijua. Tunakutakia maisha ambayo kila wiki yatakupa jibu.