Mguu wa Fundi Viatu

Ule mguu wa fundi viatu niliukata mimi, wanangu. Msumeno aliushika daktari, lakini aliyeukata ni mimi, na miaka arobaini na moja nimekula naye sahani moja bila kumwambia. Sogeeni, sauti yangu haifiki mbali tena.

Mnaijua hadithi anayowapa kila Jumamosi akija kunitazama, kwamba baba yenu alivuka uwanja mtupu chini ya risasi akamburuta hadi mtaroni. Ni kweli. Sijisifu, maana hata mimi nalishangaa jambo lile mpaka leo. Tulikuwa matabibu wawili wa kikosi, mimi na yule mrefu tuliyemwita Ngazi, na mikononi hatukuwa na bunduki, tulikuwa na mabegi ya dawa. Mtu akilia huko mbele, miguu yangu iliondoka kabla sijaituma. Ngazi alikuwa akinitania, "Usife bwana, nani atabeba begi lako? Mimi hili langu linanitosha." Siku hiyo alitoka mara tano akarudi na watu watano. Nimejiuliza sana ule ujasiri tuliutoa wapi, maana hapa nyumbani hata mende, mama yenu ndiye aliyekuwa akiniulia.

Wewe binti yangu muuguzi utanielewa upesi. Kwetu, ukimfunga majeruhi mkanda wa kuzuia damu, unamwandikia saa kwenye paji la uso kwa kalamu, daktari ajue mguu umekaa bila damu muda gani. Fundi nilimfunga saa nane na robo mchana; niliitazama saa kwa macho yangu. Mara Ngazi akaanguka katika safari yake ya sita, nikamkimbilia, nikamkuta ameshakwenda, Mungu amlaze pema. Paji la fundi likabaki tupu.

Saa tisa akafikishwa kwenye hema la upasuaji, amezimia, katikati ya watu waliopigwa tangu alfajiri. Daktari akauliza, "Huyu kafungwa saa ngapi?" Nilikuwa mlangoni, nanawa mikono. Jana yake alikuwa amenigombeza mbele ya wenzangu kwa kosa hilohilo, akaniita mzigo. Akauliza tena. Nikatazama beseni.

"Basi huyu ni wa alfajiri," akasema. "Mguu umeshakufa. Nikiufungua, sumu itamuua."

Maneno manne yangetosha. Hebu niambieni ninyi mliosoma kunizidi: mtu yuleyule, saa nane haogopi risasi, saa tisa anaogopa kugombezwa. Nimeligeuzageuza jambo hili kama kitu nilichookota njiani, nimemuuliza Mungu katika sala, na bado sijui. Nilidhani ujasiri ukiwa nao, unao. Kumbe.

Na fundi mwenyewe ananiita daktari wangu. Hucheka akisema kwamba katika wateja wake wote, ni yeye peke yake anayejitoza nusu bei. Nami hucheka naye.

Nyumba ni yenu wote wawili. Begi la tiba lililo juu ya kabati ni la muuguzi. Kalamu ile imo ndani, wino ulishakauka. Na wewe dereva, mwanangu, acha kumnunia mjomba wako kwa ajili ya mpaka wa shamba. Vigingi nilivisogeza mimi, hatua mbili, kwa hasira tu. Virudisheni.

Nipeni maji. Hapo, yatosha.

Mungu awalinde, awapatanishe, na mkiulizwa jambo mnalolijua, awafungue midomo.

Leo ni Jumamosi. Atakuja. Msimwambie nimelala. Mkalisheni hapa, karibu na mdomo wangu, nimwambie mwenyewe. Na pumzi ikinikatikia kabla sijamaliza, binti yangu, nakuomba unimalizie. Mwambie ilikuwa saa nane na robo.