Kisiwa Nilichowadanganya Nacho

Sogeeni karibu, nisilazimike kupaza sauti. Wilkista, mke wangu, kaa hapo juu ya sanduku. Akeyo, binti yangu, funga mlango, majirani wasipate cha kuzungumza kesho wakichuma. Na wewe Lazarus, mwanangu, usisimame kama mtu anayengoja kuitwa nje, keti chini, kwa maana habari hii inakuhusu wewe kuliko wote. Nimeandika majina ya watu na uzito wa vikapu vyao katika shamba hili la majani chai tangu miche ya kwanza ilipotiwa ardhini, wala sijawahi kukosea jina la mtu, lakini ndani ya nyumba yangu nimeuacha uongo mmoja ukae miaka mingi, nao sasa umezaa.

Jana alasiri alikuja kunijulia hali Gekara mwana wa Ombati, yule Mkisii anayeuza chumvi na ndizi sokoni Kaplong. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akasema, "Mzee Obiero, asante kwa shamba la kisiwani. Alhamisi naondoka na mama watoto." Nikadhani ni homa inanichezea. Nikamwuliza, shamba lipi? Akacheka. "Wazee nyinyi! La Rambugu. Lazarus ameshachukua mitamba yangu miwili, na ndugu yangu nimempa nyumba yangu. Sina pa kurudi sasa, mzee, ni huko huko."

Lazarus! Umeiuza karatasi yangu ya shamba nami bado napumua, upate mahari ya yule msichana wa Kiptere. Nilikuchukia usiku kucha. Kulipopambazuka nikaona kwamba ninayemchukia ni mtu mwingine, naye ndiye huyu aliyelala katika kitanda hiki.

Mnajua jinsi nilivyonunua ardhi ile, kwa maana nimewasimulia hata mmechoka. Lakini mnajua nusu. Mwaka wa 1927 niliona kwamba nyumba hii ni ya kampuni, na siku nitakapokufa mtapewa majuma mawili kuihama. Na kwetu kando ya ziwa nilikuwa nimegombana na ndugu zangu, nikaapa sitarudi. Nikasikia kwamba Rambugu ardhi inapatikana kwa bei ya huruma. Watu walikuwa wamehamishwa kwa sababu ya malale, na waliporuhusiwa kurudi wengi hawakurudi, kwa hiyo kisiwa kilikuwa kichaka na mbung'o, hakuna barabara, hakuna shule, hakuna mtu wa kukupa hata dawa ya tumbo. Mimi niliona urahisi wa bei tu. Nikampa mzee Wasuna, mwenye ardhi, fahali mmoja na mbuzi wanne, nikaandika karatasi kwa mwandiko wangu mzuri, wazee watano wakatia vidole gumba, nikabandika stempu. Nilijiona mtu mkubwa.

Wasuna aliitazama ile karatasi, akaniambia mbele ya wenzake, "Karani, hii weka sandukuni. Ila uje wewe mwenyewe na mkeo. Uje na shoka, na jogoo, na moto, mjenge kwa siku moja, mlale hapo. Atakayelala usiku wa kwanza ndiye mwenye mji. Karatasi yako haijui kulala." Wote wakacheka, nami nikacheka nao kwa adabu, lakini moyoni niliwadharau. Nilikuwa nimebatizwa. Nilikuwa nimesoma, tena nilianza kusoma nikiwa na ndevu, kwa hiyo nilikithamini kisomo kuliko wale waliokipata utotoni. Desturi zile nilizijua tangu kwa baba yangu, nikajifanya sizijui.

Ikaja mvua, majani yakawa mengi, bwana mkubwa wa shamba akaninyima ruhusa ya kwenda. Ningeweza kungoja. Badala yake nikamtuma Okoth. Nasema Okoth mwana wa Nyamori, si yule mwingine wa kiwandani. Huyu alikuwa akipasua kuni za kukaushia majani, akaachishwa kazi kwa sababu ya kikohozi. Nilimpa shoka langu, nikampa jogoo wangu mweupe, nikamwambia, "Nenda na mkeo, nijengeeni nyumba, fyekeni, kaeni humo mpaka nije." Alinishukuru mpaka nikaona haya.

Nilikwenda mwaka wa tatu. Nilishuka kwenye mtumbwi nikakuta boma lenye ua wa mitupa, mtama umebeba, na mkewe Okoth, Aoko, anachoma samaki. Kando ya nyumba palikuwa na kaburi fupi. Mtoto wao wa kwanza. Okoth alinikimbilia akinichekea, akasema, "Karibu kwetu, karani!" Kwetu. Nikamwambia afungashe vitu vyake. Hakubisha, aliita wazee tu. Wasuna alikuwa ameshakufa, lakini wale wanne waliobaki waliikumbuka karatasi, wala hakuna aliyeikana. Wakaniambia kwa upole, "Tulikuambia uje. Okoth ndiye aliyelala hapa. Amezika hapa. Sasa tumtoe vipi? Ukitaka, atakukatia mahali kando yake, ukae kama mgeni wake."

Mgeni wa mpasua kuni wangu! Aoko alikuwa amenichinjia kuku. Alipiga magoti kuniwekea sahani, nami nikaisukuma kwa mguu. Ndiyo, Wilkista, kwa mguu. Nikapanda mtumbwi na njaa yangu.

Niliporudi hapa watu wa laini, hizi nyumba za wafanyakazi, wakanipokea, "Mwenye kisiwa amerudi! Vipi shamba?" Nikasema, linaendelea vizuri. Ndivyo uongo ulivyoanza, na ulikuwa mtamu. Lazarus, umekua ukilala juu ya shamba lisilokuwako.

Usiniambie karatasi ipo. Najua ipo, nimeiandika mimi. Usiniambie Okoth alikuwa mtumishi tu. Maneno hayo niliyatumia yote kwenye mtumbwi, toka kisiwani mpaka ng'ambo, na yananuka.

Nipe maji, Akeyo. Basi.

Sasa fanyeni hivi. Gekara yuko nje, nimemwita. Utamfungulia mlango, Lazarus, na utamwambia kwa kinywa chako, si mimi, kwamba hakuna ardhi. Atakutukana, mwache amalize. Kesho utamrudishia mitamba yake, ukiwaongoza wewe mwenyewe hadi mlangoni kwake, na nduguye aone. Kwa mahari yako chukua baiskeli yangu uiuze. Ni kitu pekee hapa kilicho changu kweli. Karatasi iko chini ya Biblia. Mama yako aitie motoni, mimi nikiona.

Wilkista, nisamehe. Ulifunga mizigo mara tatu ya kwenda Rambugu, na mara tatu nikakuambia mvua.

Akeyo, wewe ndiye utakwenda kisiwani. Chukua kuku jike, mzuri, usichague aliyekonda. Mpe Aoko mkononi. Mwambie karani ameleta... amerudisha chakula chake. Kisha muulize Okoth kama nina nafasi. Akikubali, nizikeni nje ya ua, upande wa wageni, msisogee karibu na kaburi la mtoto wao. Akikataa msimbishie. Nizikeni hapa na watu wa laini, na mkitia ubao andikeni jina langu sawasawa, Kepher Obiero, karani. Ile ya "mwenye kisiwa" msiiandike.

Lete kichwa, Lazarus. Karibu zaidi, mkono hauinuki. Mungu akupe... akupe mahali, mwanangu, na ulale hapo mwenyewe usiku wa kwanza. Na dada yako pia. Na mama...

Haya. Mfungulie Gekara. Anangoja.