Hatuanzi Mpaka wa Ng'ambo Wafike

Mheshimiwa Chifu, Kasisi mjumbe wa Baba Askofu, wazee wa kanisa, akina mama wenzangu wa Umoja, majirani zetu Waislamu mliofunga maduka ili muwe nasi, ndugu wageni waalikwa: hamjambo?

Mimi Nerima nilipewa dakika chache za kumuaga Mchungaji wetu Okwara, anayehamishiwa Butula. Sasa wazee wananinong'oneza, "Ongea tu, mama, ongea mpaka afike." Kiti chake mnakiona. Alivuka mpaka alfajiri kumleta Mama Zilpa, mgonjwa wetu, na mpaka saa hizi hajarudi. Niwafiche nini? Naogopa.

Zilpa ndiye aliyekanda udongo wa kuta za kanisa letu la kwanza hapa Mundika, wakati mpaka ulikuwa njia tu ya kwenda kisimani. Ndiyo sababu benchi lile la kushoto ni la wenzetu wa ng'ambo ya mpaka, sisi hatulikalii, na hata kengele ikishalia, hatuanzi ibada mpaka wa ng'ambo wafike. Wageni wa Nairobi hutucheka, ati hatuna saa. Saa tunazo! Lakini nani huanza kula na mama yake bado yuko njiani?

Mwaka huu wa sabini na saba askari wa upande ule wamezidi ukali, na benchi lile limeshika vumbi. Mchungaji hakukubali. Alifunga mto kwenye keria ya baiskeli, kama vijana wa boda boda, akawa anawabeba wazee mmoja mmoja. Tulicheka sana, mtu na kola yake ya uchungaji anakanyaga baiskeli! Jana nikamwambia, "Mchungaji, kesho usiende." Akanijibu, "Mama Nerima, nitaagwaje na nusu ya kanisa?" Nami nikaukung'uta ule mto, nikamfungia vizuri.

Samahani, Mheshimiwa. Naona Edris mwenye duka, tuliyemtuma kuuliza kwenye kizuizi cha askari pale mpakani. Edris, baba, hiyo si baiskeli ya Mchungaji? Na nyuma ni... Zilpa! Mshikeni, mleteni mbele. Na mwenyewe yuko wapi?

Mmesikia Edris anavyosema? "Wamesema mgonjwa apite, huyu wa kola abaki."

Mheshimiwa Chifu, tafadhali simama, wewe na Kasisi, mwende kizuizini sasa hivi. Zilpa, kaa kwenye benchi lako. Akina mama, funikeni sufuria. Leo Mchungaji ndiye mtu wa ng'ambo, na desturi yetu mnaijua.

Asanteni kwa kunivumilia na kunisikiliza. Kaeni. Hatuanzi.