Bi Waride Katuita Wateja

Pale Kibiti, panapoanzia njia ya kwenda Dimani, kuna benchi la ubao wa mninga, na mbele yake Bi Waride huteleka dele la kahawa juu ya jiko la mkaa. Kashata anaziweka kwenye sinia, pembeni ya vikombe. Paa hana. Mvua ya masika ikishuka, sisi wa benchini hukimbilia barazani kwa fundi cherehani, naye hubaki akifunika mkaa wake kwa khanga. Ndiyo maana mwaka huu alijiunga na kozi ya biashara ndogondogo katika chuo cha wananchi, ng'ambo ya barabara. Atakayefaulu vizuri atapewa kibanda chenye bati kwenye lango la chuo. Mitihani ya darasani ameimaliza. Umebaki mmoja tu, wa mwalimu kuja kuikagua biashara yake hapa ilipo. Mwalimu alikuwa aje alasiri ya leo. Habari hiyo wote tulikuwa nayo tangu Ijumaa, lakini leo hakuna aliyeigusa. Watu walikuwa na hasira.

Aliyeanza ni Mzee Zaidi. Tunamwita Hakimu, kwa sababu aliwahi kuwa mzee wa baraza mahakama ya mwanzo, na tangu hapo hukumu hazijamtoka mdomoni. Marehemu mume wa Bi Waride alikuwa mdogo wake.

— Nimefika, nimetoa salamu, nimekaa, akasema Hakimu. Mnajua shemeji yangu kaniambiaje? "Karibu mteja, nikuhudumie nini?"

— Kamwambia nani? Wewe?

— Mimi! Mteja! Mimi niliyekaa mkekani siku anaozwa!

Aliyeuliza ni Fikirini. Huyu alikuwa akipima korosho ghalani, basi jina lake ni Mizani. Kwao ni kule milimani, kusini, na Bi Waride ni mtu wa mtoni, kwa hiyo ni watani.

— Afadhali wewe umekaribishwa, akasema Mizani. Mimi nimenyoosha mkono nichukue kashata ya juu, kama siku zote. Kanishika mkono. Mtani wake! Babu zangu walikuwa wakishuka huku mtoni wanakamata jogoo bila hodi, na mwenye jogoo anacheka.

— Walikamata siku ya msiba, akasema Bi Waride akipuliza mkaa. Wewe msiba wako wa kila siku alasiri.

— Umemsikia? Hata matusi sasa anayatoa kwa mpango!

Wa tatu ni Ashrafu, kijana wa bodaboda. Tunamwita Dizeli, kwa sababu asubuhi huchelewa sana kuwaka.

— Mimi ndiyo noma kabisa, akasema Dizeli. Kanitolea kibao cha lipa namba. Nikamwambia, mamdogo, si mimi mwanao? Ananijibu, mwanangu nyumbani, hapa mteja. Oya, mteja ni yule wa kwenye simu, anayekuwa hapatikani. Mimi napatikana hapa kila siku!

— Hilo ndilo linalonitia wasiwasi, akasema Bi Waride.

— Kikulacho ki nguoni mwako! akanguruma Hakimu.

— Shemeji, anayekula ni nani hapo, na nguo ni ya nani?

Hakimu alimnyooshea kikombe, naye akamjazia.

— Tena msimlaumu yeye, Hakimu akaendelea, akipoza kahawa kwa pumzi. Laumuni chuo. Zamani pale mtu alisomea useremala. Akihitimu unamwona anatoka getini kabeba kiti. Sasa wanatoka na nini? Wanatoka na neno. Mtu mzima anasoma miezi, anarudi kabeba neno moja la kuwatukania ndugu zake. Mwungwana akivuliwa nguo huchutama!

— Hiyo imeingiaje hapo, mzee?

— Imeingia. Wewe chutama tu.

— Hamjui mnachokisema, akasema Mizani. Mimi nimepima korosho, naijua hila hii. Kule darasani wanafundishwa kuwagawa watu madaraja. Daraja la kwanza ni yule anayekunywa na kuondoka. Daraja la pili ndio sisi tunaokaa. Korosho zilizooza! Kuna somo zima la namna ya kumwondoa mtu kwenye benchi bila kumgusa.

— Nani kakwambia?

— Mtu wa Mahege.

— Anasoma pale?

— Alipita nje. Dirisha lilikuwa wazi.

— Basi ni kweli, akasema Dizeli. Na mimi nawaambia haiishii hapa. Kozi hii ikienea, unarudi nyumbani usiku umechoka, mke anakuwekea ugali, anasimama wima: "Karibu mteja." Ukiomba mchuzi wa kuongeza, anakuonyesha kibao.

— Mke gani? Wewe huna mke.

— Ndiyo sababu sioi! Nasubiri nione chuo kinaelekea wapi.

— Mazishini je? Hakimu alikuwa amekwisha kusimama. Wachimba kaburi nao watapelekwa kozi! Umelala ndani ya sanda, umetulia, unasikia mtu anauliza, "Mteja wetu yuko tayari?"

— Marehemu atasikiaje?

— Atasikia! Kwa hasira atasikia!

Fundi cherehani akasimamisha mashine yake barazani ili asikie vizuri. Mawingu yalikuwa yakikusanyika upande wa mto, lakini hakuna aliyeyatazama.

— Atakayebaki ndugu wa watu ni ndovu peke yake, akasema Mizani kwa uchungu. Mtazame ndovu wa Ngarambe. Anaingia shambani, anakula mahindi, anaondoka zake. Umesikia nani kamwita mteja?

— Ndovu hufukuzwa kwa madebe, mtani, akasema Bi Waride. Nilete debe?

Tulicheka, hata Mizani alicheka kidogo kabla hajakumbuka kuwa amekasirika. Bi Waride peke yake hakucheka. Aliweka chini kipepeo cha kupepea mkaa, akajifuta mikono.

— Nawaambieni, ndugu zangu. Darasani tulifundishwa kwamba mteja ni mtu unayempa kitu, naye akakuachia kitu, na kesho akarudi. Nikafikiri moyoni, mbona mimi wa kurudi ninao wengi, benchi zima! Nikamwambia mwalimu, njoo uwaone. Ndiyo maana tangu asubuhi nawaita hivyo. Najizoeza, nisije nikakosea mbele yake. Yule ananikagua mimi leo. Nataka bati.

Nilidhani maneno yale yamewaingia. Lakini Hakimu alikuwa bado amesimama, na mtu akishasimama mbele ya watu huona aibu kukaa bila kutoa hukumu.

— Bati tunakuombea, shemeji. Mungu akupe. Lakini jina hilo mimi silikubali. Nasema mbele ya mashahidi: mimi ni ndugu wa mumeo, wala si mteja wa mtu. Na atakayelikubali jina hilo hapa, huyo kaliuza benchi. Mizani!

— Mimi mtani. Mtani si mteja hata akifa.

— Dizeli!

— Mimi mtoto wa nyumbani, mzee. Hiyo ipo wazi.

Akanigeukia na mimi. Nilikuwa na kipande cha kashata mdomoni. Nikasema mimi ni jirani tu.

— Wallahi imepita, akasema Hakimu, akakaa.

Hapo ndipo tulipomwona mwanamke mmoja akivuka barabara, mwavuli mkononi. Ni Mwalimu Hafidha wa chuo. Bi Waride akajifunga khanga vizuri, akapangusa vikombe ambavyo vilikuwa safi tangu zamani, akakigeuza kibao cha lipa namba kitazame njiani.

Mwalimu alitoa salamu, tukaitika kwa heshima zote. Hakimu alimpisha nafasi benchini, akaipangusa kwa kofia yake. Mwalimu akakagua. Akauliza kahawa inatoka wapi, Bi Waride akajibu. Akaangalia jinsi maji ya kuoshea yalivyofunikwa, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Akaonja kashata, akasema hajawahi kula iliyokaangwa nazi yake vizuri namna ile. Uso wa Bi Waride ulikuwa umefunguka kama wa mtoto aliyepata jibu la hesabu ubaoni.

— Vizuri sana, mama, akasema Mwalimu Hafidha. Limebaki jambo moja jepesi, nizungumze na wateja wako.

Akatugeukia, akatabasamu.

— Nani kati yenu ni mteja wa Bi Waride?

Hakimu alikitazama kikombe chake. Mizani alikuwa akiokota chenga za kashata kwenye kanzu, moja moja. Dizeli aliinua shingo kuitazama pikipiki yake, kana kwamba kuna mtu anaiba.

Mwalimu alidhani hatukumsikia. Akarudia polepole, bila kuudhika:

— Nauliza, hapa mteja wa mama huyu ni nani?

— Mimi ni shemeji yake, akasema Hakimu kwa sauti ndogo.

— Ahsante, mzee. Na mteja?

Hakimu akakiinamia tena kikombe chake. Bi Waride hakututazama hata mmoja. Alimimina kikombe, akampa mwalimu kwa mikono miwili. Mwalimu akanywa taratibu, akaweka sarafu juu ya sinia, akaushika mwavuli wake.

— Ahsante, mteja, akasema Bi Waride.

Tone la kwanza la mvua likaanguka kwenye sinia. Fundi cherehani alituita tuje barazani, lakini kukimbia kulikuwa kugumu, maana tungepita mbele ya mwalimu, naye alikuwa bado anatutazama. Tukakaa palepale. Bi Waride akavua khanga ya begani, akainama, akaanza kufunika mkaa.