Fundi Cherehani Aliyekataa Kufunga Darasa

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu. Alhamisi iliyopita alizikwa fundi cherehani mmoja. Narudia: fundi cherehani, si mwalimu. Shule aliishia darasa la saba. Lakini kwa miaka kumi na tisa, watoto waliokwama kwenye kazi za nyumbani za Kiingereza walikwenda kwake.

Kiingereza alijifunza ukubwani, kwa kamusi isiyo na jalada. Watoto walikaa sakafuni, katikati ya vipande vya vitambaa. Mtoto akitaka jibu, hapewi. Akisema, "Bibi, huyu baba wa kwenye hadithi ni mchoyo," yeye humjibu huku anakanyaga pedeli ya cherehani: "Nani kakwambia? Weka kidole kwenye mstari unaosema hivyo." Hakuna mstari, hakuna jibu. Ndipo wakambandika jina, Bi Mstari. Sentensi ikienda upande, aliifumua kama pindo. "Haya, ishone upya mwenyewe."

Sasa, mazoea yana taabu. Watoto wakaipeleka tabia hiyo shuleni. Mwalimu wa Kiingereza alikuwa akieleza shairi, msichana mmoja akanyoosha mkono: "Samahani mwalimu, ni mstari gani unaosema hivyo?" Darasa likaangua kicheko. Mwalimu hakucheka.

Kesho yake ikaja barua ya mwalimu mkuu: mwanafunzi atakayeonekana kwa yule fundi atasimamishwa shule. Bi Mstari akaisoma mara mbili. Akatoka na futi ya kupimia shingoni, moja kwa moja mpaka ofisini.

"Mama, wewe una cheti gani?" mwalimu mkuu akamuuliza.

"Sina. Nina watoto wanaosoma kitabu mpaka mwisho. Wewe unao wangapi?"

"Unawafundisha utovu wa adabu!"

"Kuuliza si ujinga, baba. Wasimamishe wote basi, waje kwangu na asubuhi."

Hakusimamishwa hata mmoja. Lakini barua haikufutwa. Wazazi wakaogopa; watoto ishirini na watatu wakabaki sita. Sita! Jirani akamshauri afunge. Akamjibu, "Hata akija mmoja. Mmoja si mtu?" Akaendelea, kila siku saa kumi alasiri.

Alipougua, binti yake alimsihi apumzike. Binti ametuambia: "Mama alinijia juu. 'Yanayouma ni mapafu, macho yana kosa gani?' Akasahihisha insha kitandani mpaka Jumanne. Jumatano akafariki."

Mazikoni, mwalimu mkuu alimpa binti mkono wa pole. Akamnong'oneza, "Nadhani sasa lile darasa litapumzika."

Binti hakunong'ona. "Kesho saa kumi, mwalimu. Ukipata nafasi karibu, sakafu ni pana."

Ijumaa saa kumi, wasikilizaji wapendwa, walikuja watoto thelathini na mmoja. Wengine walikaa nje, kwenye ngazi.

Kwa binti, kwa wajukuu, kwa wote waliowahi kukaa kwenye sakafu ile: poleni sana. Nawe unayenisikiliza, mtoto wako akikuuliza leo, "Umejuaje?", usimwambie anyamaze. Kaa chini. Tafuteni pamoja.