Kidude cha Kushika

Kijiwe chenyewe kiko mbele ya duka la kinyozi: benchi refu lililobonyea katikati, birika la kahawa juu ya jiko la mkaa, na wazee watatu wasiokosa. Kinyozi ni Redio, maana hakuna aliyewahi kumzima. Wakili hakusomea sheria; alifagia mahakama mpaka akastaafu, na tangu hapo anahukumu kila kitu. Wa tatu ni Breki, dereva wa malori aliyeachishwa kazi na macho yake mwenyewe.

Asubuhi hiyo Redio alitoka dukani na kidude cha udongo uliochomwa, laini, cha kujaa kiganjani, akakiweka kwenye benchi. Alisema mteja amekisahau kitini. Breki alikitazama mara moja, akakitambua. Kilikuwa kazi ya mikono yake.

Alipoacha lori, mkono wake wa kushoto ulikuwa ukitafuta gia hata usingizini. Jirani mfinyanzi akampa bonge la udongo ajiliwaze nalo. Breki akafinyanga mfano wa kichwa cha gia, akakishika, akalala fofofo. Basi ikawa ndio mchezo wake, uani, mlango umefungwa. Binti yake akaanza kuviuza vidude hivyo kwenye lango la hospitali, kwa wanaosubiri wagonjwa wao, na watu wakavipenda. Breki alimwomba jambo moja tu: asimtaje. Mtu aliyeendesha trela, leo anakandakanda udongo kama mtoto?

— Hiki ni cha kusugulia miguu, alisema Redio.

Wakili akakipima mkononi, akatengua hoja. Kitu laini hivi kitasugua mguu wa nani? Kwake yeye hiyo ilikuwa dawa ya kumtuliza mume: mke akikifukia chini ya kitanda, bwana anabaki kuitikia tu. Redio hakukubali kushindwa. Akadai ndani mna chombo cha kunasa maneno, ndiyo maana kimeachwa kwa kinyozi, siri zote zinakopita. Wakili akakitegea sikio, na kuanzia hapo akawa anaongea kwa kunong'ona.

— Wahenga walisema, samaki mkunje angali mbichi, alinong'ona Wakili.

— Samaki kaingiaje hapa? aliuliza Redio.

— Udongo nao si hukunjwa mbichi?

Kisha wakamgeukia Breki, mbona leo kanyamaza kama maji mtungini. Naye akacheka.

— Aliyekaa chini akafinyanga hiki ni mtu mzima aliyekosa kazi. Au akili zimemruka.

Wakaangua kicheko, na Breki akacheka kuwashinda, huku uso ukimwaka kama aliyepigwa kofi.

Bado wanacheka, akaja mwanamume mwenye kichwa kilichonyolewa muda si mrefu. Aliamkia, akakiona kidude, akakichukua kwa mikono miwili.

— Ni cha marehemu mke wangu. Alikata roho amekishika.

Redio akampa pole. Wakili akatazama miguu yake mwenyewe.

— Wazee wangu, mnamjua anayevitengeneza? Nilitaka kumshukuru.

Redio akatikisa kichwa. Wakili akatikisa kichwa. Breki aliinamia kikombe chake. Mwanamume akaaga, akapiga hatua kadhaa, na hapo Breki akajikuta amesimama.

— Ni mimi, baba.

Mwanamume alirudi, akaushika mkono wa Breki, kidude kikiwa katikati ya viganja vyao, akamshukuru kwa sauti ya chini. Hakuuachia. Alimtazama usoni, bila hasira, kama mtu anayetaka kuelewa tu.

— Sasa mzee wangu, nilipokuwa nakuja, mbona nilikusikia ukikicheka?

Miaka yote barabarani Breki hakuwahi kukosa la kumjibu askari, lakini hili lilimshinda. Mwanamume akauachia mkono taratibu, akaenda zake.

Wakili akajisogeza, akampisha Breki nafasi kwenye benchi. Breki hakukaa.