Watu Kumi na Wawili, Maji Mengi

Wasikilizaji wapendwa, kamwene. Leo namkumbuka Mchungaji Mika Mwalongo wa kanisa la Baptisti, Makambako. Amefariki Jumanne, akiwa na miaka sitini na nane. Tulisoma pamoja masomo ya jioni, nilimfahamu.

Miaka michache iliyopita Mika alikuwa mashariki ya Kongo, akihudumia kanisa dogo la Wabaptisti. Vita ya wenyewe kwa wenyewe ilikuwa inasogea. Kila siku mizinga ilisikika karibu zaidi. Asubuhi moja alimwandikia mkewe, Emilia, ujumbe wa simu: "Jumamosi watu kumi na wawili, maji mengi. Tuombeeni."

Sisi wa Njombe tunaelewa. Wakibatiza, Walutheri hunyunyiza, Wabaptisti huzamisha mtoni. Ndiyo maji mengi. Lakini mchana huo wapiganaji walimsimamisha kwenye kizuizi cha barabarani, wakasoma simu yake. Wao walielewa kwamba maadui kumi na wawili wanavuka ziwa.

"Hawa kumi na wawili ni banani?" kamanda aliuliza. "Taja majina!"

Akitaja, vijana wale kumi na wawili wa kubatizwa watasakwa. Asipotaja, anakufa. Mika akasema ni ubatizo tu, bila kutaja jina; hawakumwamini. Aliniambia bila kuficha: mkojo ulimtoka. Mtu aliyekuwa mbele yake alipelekwa nyuma ya ukuta. Risasi moja ikalia. Hakurudi.

Hapo simu ikaita. Ni Emilia. Kamanda akaipokea, akaweka spika wote wasikie.

"Mama, maji mengi ni nini?"

Emilia alikuwa sokoni Makambako, anachagua viazi. Ni mtoto wa Walutheri wa Ilembula, amezoea kuwatania Wabaptisti. Akadhani anaongea na shemasi.

"Weee! Shemasi gani hujui? Si huo ubatizo wenu wa kuzamishana kama mnafua mablanketi! Mwambie mume wangu awashike vizuri hao kumi na wawili. Na avae sweta, kifua chake kibovu!"

Askari mmoja akacheka. Kisha wengine.

"Nenda, mzee," kamanda alisema.

Mika alitembea bila kugeuka, mgongo wake ukingoja risasi.

Jana Emilia aliniambia, "Kaka, ningejua ni askari, ningepiga mayowe tu. Wangemuua nikisikia."

Pole sana, Mama Emilia. Poleni wanawe, Aron na Eveline, na kanisa lote.

Mwezi uliopita, kitandani kwake, nilimwuliza Mika majina ya wale vijana. Alitazama mlango kwanza. Hakutaja hata moja.

Wasikilizaji wapendwa, tunyamaze kidogo. Tuwaombee hao kumi na wawili, popote walipo.